Amana ya mteja haifai kuwekwa kwenye akaunti ya bure

Katika ofisi za uwakala wa forodha zilizopangana kuanzia Moi Avenue hadi karibu na bandari ya Kilindini, akili mnemba imeshaingia kazini bila mwenye ofisi kuulizwa. Karani anaitumia kuandika barua pepe ya Kiingereza kwa kampuni ya meli, kufupisha mkataba mrefu, kutafuta namba ya HS (namba ya kimataifa ya kupanga bidhaa kwa ajili ya ushuru) ya bidhaa asiyoizoea, kunyoosha orodha ya kontena iliyokuja imevurugika. Kazi iliyokuwa ikimla asubuhi nzima anaimaliza mapema na kushika nyingine. Simlaumu karani huyu hata kidogo. Lawama yangu iko kwa mwenye kampuni, anayeona kazi inakwenda mbio, akafurahi, na asiulize karatasi za wateja wake zimepitia wapi.

Kwa mji kama Mombasa, sehemu kubwa ya data nyeti iliyomo ndani ya kampuni zetu si mali ya kampuni hizo. Tunaishi kwa kushika vitu vya watu wengine. Wakala wa forodha ameshika jalada la mwagizaji, dalali wa chai ameshika bei za mzalishaji, mhasibu ameshika vitabu vya duka, wakili ameshika hati ya shamba, hoteli imeshika pasipoti ya mgeni. Mwaka 2024 bandari yetu ilivuka kontena milioni 2 kwa mara ya kwanza, kwa kipimo cha futi 20, na nyuma ya shehena hizo yako majalada yaliyopita mikononi mwa makarani, yakiwemo ya wafanyabiashara wa Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo ambao wengine hawajawahi hata kukanyaga Mombasa. Wametuamini kwa mbali. Kampuni ikitaka kuchezea siri zake yenyewe, hiyo ni hiari yake. Amana haina hiari hiyo.

Chukua jalada la kawaida kabisa. Mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi ameagiza kontena la vigae vya sakafu kutoka China. Kwa wakala wake amepeleka ankara ya muuzaji, orodha ya vifurushi, hati ya shehena, nakala ya kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi) na cheti cha usajili wa kampuni. Karani anataka kujua vigae hivi vinaingia namba gani ya HS. Swali hilo ni zito, kwa sababu tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una ngazi nne, asilimia 0, 10, 25 na 35, na bidhaa ikiwekwa pasipo pake mteja atalipa asichodaiwa au atakuja kudaiwa baadaye pamoja na adhabu. Basi karani anatoa simu yake, anaipiga picha ankara, anaipakia kwenye mtambo wa akili mnemba na kuandika chini yake: "Hii inaingia namba gani?"

Jibu linakuja baada ya sekunde chache. Lakini kwenye picha ile moja kuna jina na anwani ya kiwanda, jina la mnunuzi, bei ya kila boksi, jumla ya fedha, masharti ya malipo, benki ya muuzaji na namba ya akaunti yake. Muuza vigae yeyote wa mjini hapa angetoa fedha nzuri kuipata karatasi hiyo, maana ndani yake mna mambo mawili ambayo mfanyabiashara hamwambii hata shemeji yake: ananunua kwa nani, na ananunua kwa kiasi gani.

Na swali lenyewe halikuhitaji lolote kati ya hayo. Vigae vya kauri viko katika kifungu cha 6907, na kinachovitenganisha humo ni kiasi cha maji vinavyofyonza. Visivyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake viko 6907.21, vinavyozidi hapo hadi asilimia 10 viko 6907.22, na vya juu zaidi viko 6907.23. Karani angeandika mstari mmoja tu, "vigae vya kauri vya sakafu, ufyonzaji wa maji chini ya asilimia 0.5", angepata jibu lile lile, pengine lenye uhakika zaidi kuliko la kubahatisha kutoka kwenye picha. (Na bado angepaswa kulihakiki kwenye kitabu cha ushuru. Mitambo hii hutaja namba isiyokuwepo kwa sauti ile ile inayotajia iliyopo.)

Kutenganisha swali na jalada ni ulinzi usiogharimu hata shilingi, na ndio wa kwanza ninaopendekeza kwa kila ofisi. Maswali mengi ya kila siku yanaweza kuulizwa hivyo. Barua ya kuiomba kampuni ya meli ipunguze gharama za kuchelewesha kontena inaweza kuandikwa kwa "Mteja A" na "meli husika", halafu majina yakajazwa kwenye kompyuta ya ofisi. Kijana akifanya hivyo kwa wiki mbili tatu, mkono unazoea.

Tatizo ni kwamba wenye ofisi wengi wanaogopa hatari isiyo kubwa na kuiacha iliyo kubwa. Karibu kila ninayezungumza naye ana hofu ile ile, kwamba mtambo utajifunza bei zetu kisha uje umwambie mshindani akiuliza. Hofu hiyo ina msingi. Kwenye akaunti nyingi za bure, mipangilio ya kuanzia huruhusu mazungumzo yatumike kufundishia modeli zijazo, yaani matoleo mapya ya mtambo, mpaka mtumiaji aingie mwenyewe na kuizima ruhusa hiyo. Na mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba ChatGPT ikiamriwa kurudia neno moja bila kukoma, ilifika mahali ikaanza kutoa vipande vya maandishi iliyofundishiwa, vikiwemo majina na anwani za watu. Hata hivyo, kwa kampuni ya watu wanane Mombasa, uwezekano wa bei ya vigae kuibuka kwa njia hiyo ni mdogo mno.

Kilicho karibu zaidi ni kwamba maandishi yanayobandikwa yanahifadhiwa. Mnamo 20 Machi 2023 hitilafu katika ChatGPT iliwafanya baadhi ya watumiaji waone vichwa vya mazungumzo ya watu wengine, na kampuni ya OpenAI ikakiri kwamba sehemu ya taarifa za malipo za baadhi ya wateja wake huenda zilionekana pia. Mwaka 2025, katika kesi iliyofunguliwa na gazeti la New York Times, mahakama ya Marekani iliiamuru kampuni hiyo ihifadhi mazungumzo ya watumiaji, hata yale ambayo wenyewe walikwisha kuyafuta, na amri hiyo ilidumu kwa miezi kadhaa. Mwaka huo huo ikabainika kwamba mazungumzo ambayo watu waliyatengenezea kiungo cha kushirikisha wenzao na kuyaruhusu yatafutike, yalikuwa yakionekana kwenye Google, hadi kipengele hicho kikaondolewa. Katika matukio hayo hakuna mwizi aliyevunja mlango. Ni hitilafu, amri ya korti na kitufe kilichobonyezwa bila kusomwa.

Lakini hatari inayonisumbua zaidi kuliko zote ni akaunti yenyewe, na hii haizungumzwi. Karani amejisajili kwa barua pepe yake binafsi, kwenye simu yake, kwa bando lake. Historia yote ya mazungumzo iko kwake. Siku akihama, na katika biashara hii watu huhama sana, mara nyingine hupanda ghorofa moja tu ndani ya jengo lile lile, anarudisha funguo, anarudisha pasi ya kuingilia bandarini, anatolewa kwenye kikundi cha WhatsApp. Akaunti ya ChatGPT anaondoka nayo. Akiandika jina la mteja kwenye sehemu ya kutafutia, inamletea ankara, bei, majibizano na kampuni ya meli, na ile rasimu ya kwanza ya malalamiko kabla haijapunguzwa ukali. Hakuiba kitu. Hakuna aliyemwambia kwamba hivyo ni vitu vya kurudishwa, na bosi wake wa zamani hawezi kuvidai kwa kuwa hajui kama vipo. Akiisahau simu hiyo kwenye feri ya Likoni, majalada ya mwaka mzima yameondoka na atakayeiokota, isipokuwa iwe imefungwa kwa nywila ya maana.

Jibu la kwanza la wenye kampuni wengi ni kupiga marufuku. Mzee mmoja mwenye ofisi Nkrumah Road aliniambia kwa kujiamini kabisa, "Mwanangu, hapa kwangu nimekataza. Hakuna kijana anayegusa vitu hivyo." Nilipotoka nikamkuta karani wake ngazini, nikamuuliza kama kweli hawatumii. Akajibu bila kuficha, "Twatumia, ndugu yangu, lakini kwa simu zetu. Kompyuta ya ofisi hatuigusi." Mzee amefunga mlango ambao angeweza kuuchunga, kazi ikahamia kwenye dirisha asiloliona.

Samsung nayo ilipiga marufuku, Mei 2023, baada ya wafanyakazi wake kubandika msimbo wa siri wa programu za kampuni ndani ya ChatGPT. Mfano huo hutajwa sana na wanaotetea marufuku. Wanachosahau ni kwamba Samsung ilikuwa na uwezo wa kuwapa watu wake kitu kingine, na Novemba mwaka huo huo ikatangaza modeli yake yenyewe, Gauss. Marufuku yenye mbadala yanaweza kushika. Marufuku matupu, kwa karani anayedaiwa majalada kumi kabla ya saa kumi jioni huku mwenzake wa ofisi jirani akitumia mtambo, yanamfundisha kujificha tu. Na anayejificha hawezi kukuuliza swali siku akikosea.

Sheria nayo tuitazame, maana wengi wanaitaja bila kujua inaposimama. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayosimamiwa na Kamishna wa Data. Inalinda taarifa za mtu binafsi, na orodha yake ya data nyeti ni pana kuliko watu wanavyodhani. Imo afya, imo imani, na imo pia habari za mali ya mtu, ndoa yake, majina ya watoto na wazazi wake. Hati ya shamba la Kisauni au orodha ya warithi iliyobandikwa na mhazili wa wakili ili ifupishwe iko ndani kabisa ya orodha hiyo. Data ikivuja na watu wakawa katika hatari ya kudhurika, mwenye dhamana nayo anatakiwa kumwarifu Kamishna ndani ya saa 72 tangu ajue, na anayeichakata kwa niaba ya mwingine amjulishe aliyempa kazi ndani ya saa 48 inapowezekana. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, itakayokuwa ndogo kati ya hizo. Ofisi hiyo inauma. Septemba 2023 iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na ukumbi mmoja wa burudani shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja. Ofisi ndogo sana zinaweza kusamehewa kujisajili kwa Kamishna, lakini kusamehewa kujisajili si kusamehewa kulinda.

Sheria hiyo pia ina masharti kuhusu data inayotolewa nje ya nchi. Hapa Mombasa jambo hili tunaliona kwa macho, kwa sababu nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua pwani yetu mwaka 2009, na hadi leo maandishi yanayobandikwa Kilindini hutoka kwa nyaya za namna hiyo kuelekea seva zilizo ng'ambo. Kupakia nakala ya kitambulisho cha mteja kwenye mtambo wa kigeni ni kuisafirisha. Wakala ambaye hawezi kutoa boksi moja bandarini bila hati anaitoa data hiyo bila hati yoyote.

Ila sheria ina pengo linalotuhusu sana. Bei ya vigae vya kampuni si taarifa ya mtu binafsi. Kamishna hatamtetea mwagizaji ambaye jina la kiwanda chake limefika kwa mshindani. Kinachomlinda ni mkataba wake na wakala na wajibu wa kawaida wa kutunza siri, na mikataba mingi niliyoiona katika biashara hii ni kurasa mbili za ada na tarehe ya malipo. Neno la siri halimo. Kwa hiyo pale ambapo data ni nyeti zaidi kibiashara, ndipo sheria ilipo nyepesi zaidi, na mzigo wote unabaki kwa uaminifu wa wakala.

Mnada wa chai unaonyesha jambo hili kwa ukubwa wake. Mombasa inauza chai ya nchi kadhaa za ukanda huu, na bei hujengwa juu ya siri ndogo ndogo: mzalishaji hataki kuuza chini ya kiasi gani, mnunuzi yuko tayari kupanda hadi wapi, muonjaji amelithamini vipi fungu fulani kabla ya siku ya mnada. Mtu akipakia jedwali lote la tathmini ili apangiwe vizuri, amepakia mkao mzima wa mauzo ya wiki hiyo. Siri ya aina hii ina maisha mafupi, baada ya mnada thamani yake inashuka sana, lakini katika siku zile chache kabla yake ni fedha za wakulima wa Kericho na Nandi. Jedwali kama hilo lisiguse akaunti ya bure hata kama majina yameondolewa, kwa kuwa tarakimu zenyewe zinatosha kumwambia mjuzi anachotaka.

Kwa kazi za namna hiyo kuna njia ya kuendesha modeli ndani ya ofisi. Llama ya Meta, Mistral kutoka Ufaransa na Gemma ya Google zina matoleo yanayopakuliwa na kufanya kazi kwenye kompyuta bila intaneti. Matoleo madogo ni dhaifu kuliko ChatGPT, na Kiswahili chake mara nyingi ni kibovu. Kwa kufupisha hati za Kiingereza na kupanga majedwali yanafaa, mradi kompyuta iwe na nguvu ya kutosha na kila jibu likaguliwe.

Kwa ofisi nyingine, lipia akaunti ya kibiashara. Toleo la ChatGPT la vikundi vidogo lilipoanza Januari 2024 liliuzwa dola 25 kwa mtu kwa mwezi kwa anayelipa mwaka mzima, au dola 30 kwa anayelipa kila mwezi, kuanzia watu wawili. Kampuni nyingine zina huduma zinazofanana. Kwa bei hiyo unapata ahadi ya maandishi kwamba data yako haitumiki kufundishia modeli, isipokuwa ukiruhusu wewe, na unapata kilicho muhimu zaidi kwa hali yetu: akaunti ni ya kampuni. Karani akiondoka, unafunga, na historia haondoki nayo. Ahadi hiyo haizuii hitilafu wala amri ya mahakama, ndiyo maana majina na bei ziendelee kuondolewa hata huko. Na asiwepo mtu wa kuunganisha mtambo na sanduku la barua pepe la ofisi kwa haraka, kwa sababu barua kutoka kwa mgeni inaweza kufichwa maagizo ambayo mtambo utayatii ukidhani yametoka kwako.

Kuna wanaonijibu kwamba haya yote ni kuhangaika bure, maana ankara hizo hizo zinazunguka kwenye WhatsApp kila siku. Hoja hii naiheshimu. Lakini ujumbe wa WhatsApp husimbwa, yaani hugeuzwa fumbo lisilosomeka, tangu simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji, na seva ya katikati haiusomi. Mtambo wa akili mnemba ni lazima uyasome maandishi yako ndipo uweze kukujibu. Hakuna namna ya kumsimbia siri yule unayemtaka aisome. Zaidi ya hapo, kama majalada ya wateja yanazagaa kwenye vikundi vyenye watu ambao mwenye ofisi hawajui tena, hilo ni tatizo jingine linalohitaji kusafishwa, na haliwezi kuwa sababu ya kuongeza la pili.

Mteja naye ana haki ya kuuliza. Mwagizaji anapokabidhi jalada, amuulize wakala wake mambo matatu: je, mnatumia mitambo hii, kwa akaunti ya nani, na ni karatasi gani haziingii humo? Majibu yaandikwe kwenye mkataba, chini ya ada, kwa lugha ambayo karani ataielewa. Wakala mzuri hataudhika, na baada ya muda atalitumia jambo hilo kutafutia wateja.

Chama cha mawakala, KIFWA, kinaweza kuandika kanuni moja fupi kwa wanachama wake wote, ili ofisi ya watu watatu Changamwe isilazimike kubuni yake peke yake, na kinaweza kujadili bei ya pamoja ya akaunti za kibiashara. Tena ipo njia ambayo tayari imejengwa: cheti cha Afrika Mashariki cha mawakala wa forodha, ambacho hapa Kenya husomeshwa na chuo cha KESRA. Vijana wanaokaa madarasani humo ndio watakaoshika majalada hayo mwaka ujao. Wanafundishwa thamani ya forodha, chimbuko la bidhaa na namba za HS. Kwenye kipindi hicho cha namba za HS, mwalimu aweke mbele yao ankara nzima ya vigae na kuwapa dakika tano waandike swali lisilokuwa na jina, bei wala namba ya akaunti ya mtu.